SADAKA YA MBALI NA AMANA YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aifuataye njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tumeletewa swali na ndugu mmoja, nasi tumeona jawabu lake lafaa kusomwa na wengi, kwani yaliyomfika yeye yamewafika wengi katika mji huu. Ndugu huyo aliletewa picha katika simu yake: nyumba iliyoanguka, na mtoto amekaa juu ya kifusi. Chini ya picha palikuwa na maneno ya kuwaombea msaada watu wa zilizala ya Uturuki na Sham ya mwezi wa Februari 2023, pamoja na nambari ya kupelekea fedha. Moyo wake ukalainika, akatoa alichojaaliwa, kisha akaipeleka picha ile kwa jamaa na marafiki wapatao arubaini, na baadhi yao nao wakatoa. Baada ya siku chache mwanawe akamwonyesha kuwa picha ile ilikuwako katika intaneti miaka mingi kabla ya zilizala hiyo, na kwamba ni ya nchi nyingine kabisa. Akapiga ile nambari, haikupokewa tena.

Basi akatuuliza: Je, sadaka yangu imepotea? Na je, si bora kwangu tangu leo nisitoe ila kwa jirani nimwonaye kwa macho yangu?

Ama juu ya swali la kwanza, twamwambia ndugu yetu asihuzunike. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) habari za mtu aliyetoka usiku na sadaka yake akaitia mkononi mwa mwizi naye hajui, usiku wa pili akaitia mkononi mwa mwanamke mzinifu, na usiku wa tatu mkononi mwa tajiri. Watu wakawa wakimsema kila kulipokucha. Mwisho akajulishwa kuwa sadaka zake zimekubaliwa, kwani huenda mwizi akaacha wizi wake, na mzinifu uzinifu wake, na tajiri akazingatia akajifunza kutoa. Kwa hivyo mwenye nia safi hapotezi malipo yake kwa hila ya mwongo. Mwongo ndiye aliyejichukulia mzigo.

Lakini, ndugu yetu, kuna jambo la tatu ambalo hukutuuliza, nalo ndilo tunaloliogopa zaidi: wale watu arubaini. Mtu wa katika hadithi alitoka gizani, wala hakuwa na njia ya kujua; wewe ulikuwa na taa mkononi mwako. Simu ile ile iliyokuletea uwongo ndiyo mwanao aliyoitumia kuufichua, tena kwa dakika chache. Na mtu yule wa hadithi alitoa chake peke yake. Hakusimama njiani kuwaita wengine wamtilie mwizi mkononi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat tuichunguze habari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukawa wenye kujuta. Na aliyekuletea picha ile hata kuwa ni fasiki au ni mwema hukumjua. Kwa hivyo limpasalo ndugu yetu kwanza ni kuwaandikia wale arubaini, mmoja mmoja, awaambie: niliyowaletea hayakuwa kweli, wala msiyapeleke mbele. Ni zito hilo kwa nafsi, lakini ndiyo toba ya jambo hili.

Sasa tuje kwenye swali la pili: je, mlango wa sadaka ya mbali ufungwe?

Hapo twasema: La! Haufungwi. Imamu Muslim amepokea kwa Jarir bin Abdillahi (R.A.) kuwa walifika Madina watu wa kabila la Mudar, miguu mitupu, hawana nguo ila vipande vya sufu walivyojitupia mabegani. Uso wa Mtume (S.A.W.) ukageuka kwa huzuni ya ufukara aliowaona nao. Akaamrisha adhana, akasalisha, akawahutubia watu. Akaja mmoja katika Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba. Wakafuatana watu mpaka yakawa mafungu mawili, la chakula na la nguo. Ndipo uso wa Mtume ukang'aa, akasema kuwa mwenye kuanzisha jambo jema ana malipo yake na ya watakaomfuata, na mwenye kuanzisha ovu ana mzigo wake na wa watakaomfuata. Hao hawakuwa majirani wa watu wa Madina, wala hakuna aliyeuliza wametoka mtaa gani. Na tuyatie akilini maneno haya kila tunapotaka kubonyeza kidole kupeleka habari: kidole hicho huanzisha jambo, jema au ovu.

Zamani mtu wa Mombasa au Lamu alikuwa na udhuru. Habari zilimjia kwa jahazi, na jahazi halikuja ila kwa msimu wake. Wazee wetu wenye asili ya Hadhramaut wanaijua habari ya njaa ya mwaka 1943 na 1944. Mvua zilikosekana, lakini haikuwa mvua peke yake. Nyumba nyingi za bonde lile zilikuwa zikiishi kwa fedha za jamaa zao walioko Jawa na Singapuri; Wajapani walipozitwaa nchi hizo mwaka 1942, njia ya fedha ikakatika, na maelfu ya watu wakafa. Tazameni, ndugu zetu, jinsi uhai wa watu ulivyofungamana na mkono ulioko ng'ambo ya bahari. Mkono ulipozuiwa, mji ukalia.

Leo njia zi wazi. Tangu mwaka 2007, ilipoanza M-Pesa katika nchi yetu, mtu hutoa shilingi zake akiwa barazani kwake, na kupitia mashirika yaliyoko katika intaneti fedha hizo huvuka nchi na bahari kabla hajaumaliza mkono wa kahawa. Udhuru wa umbali umekwisha. Kilichobaki ni kuijua adabu ya njia mpya, kama baba zetu walivyoijua adabu ya bahari.

Tena si fedha tu. Wengi hudhani kuwa asiye na kitu hana la kutoa, na methali yetu imekwisha kuwajibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ilipopiga zilizala katika nchi ya Haiti tarehe 12 Januari 2010, waokoaji walifika katika mji wa Port-au-Prince wasijue njia, kwani ramani za kutegemewa zilikuwa haba. Mamia ya watu wa nchi mbalimbali, waliokaa majumbani mwao mbele ya kompyuta, wakazitazama picha za mji ule zilizopigwa kutoka juu, wakachora njia, nyumba, na kambi za waliokimbia, wakazitia katika ramani iliyo wazi kwa watu wote iitwayo OpenStreetMap. Waokoaji wakazitumia ramani hizo. Na Wahaiti walioko ugenini wakazifasiri jumbe za simu za jamaa zao kutoka Krioli, ili anayelia chini ya kifusi ajulikane yuko wapi. Chombo kimoja kilichotumika kuzikusanya jumbe hizo kiliitwa Ushahidi. Jina hilo ni letu, na chombo chenyewe kilibuniwa na Wakenya na wenzao mnamo Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, ili watu waseme yaliyowafika. Kilizaliwa katika msiba wetu, kikaenda kuhudumia msiba wa wengine.

Kazi hiyo haikukoma. Ulipozuka ugonjwa wa Ebola nchini Guinea mwaka 2014, watu wa kujitolea waliuchora mji wa Guéckédou na vijiji vyake ili Madaktari Wasio na Mipaka wajue wagonjwa watoka wapi. Mwaka huo huo ukaanzishwa mradi wa Missing Maps, wa kuzichora nchi zisizochorwa kabla msiba haujafika. Kijana hujifunza kazi hiyo kwa muda mfupi. Huchora paa kwa paa, na mwenye uzoefu zaidi huikagua kazi yake, kisha wenyeji wa mahali pale huongeza majina ya mitaa na zahanati, kwani hayo hayaonekani kutoka juu. Vijana wetu wangapi hukesha na simu mpaka usiku wa manane katika mambo yasiyowafaa dunia wala akhera! Lau kila mmoja wao angalitoa saa moja tu kwa wiki, vijiji vingapi vingalichorwa? Wengi wa hao waliowachorea watu wa Haiti si Waislamu, wala Wahaiti si jamaa zao. Nasi ndio tuliofunzwa na Mtume wetu kuwa waumini ni mfano wa mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiumwa, mwili mzima hukesha kwa homa. Ni aibu iliyoje kuwa sisi tunayo mafunzo na wenzetu wana vitendo!

Na aliye na lugha atoe lugha yake. Lakini naye aitoe kwa adabu. Ebola ilipoenea Kivu ya Kaskazini na Ituri, huko Kongo, kati ya mwaka 2018 na 2020, matangazo ya afya yalihitaji kufasiriwa kwa lugha za watu. Ikadhihirika kuwa Kiswahili sanifu cha vitabuni hakikuwaelea vyema wengi wa wenyeji, kwani wao wana Kiswahili chao, tena wengine lugha yao ni Kinande. Sisi watu wa pwani hupenda kujiona kuwa ndio wenye lugha. Basi anayetaka kusaidia na amsomee kwanza mwenyeji alichokifasiri, akubali kusahihishwa. Anayefasiri kwa ajili ya mgonjwa lengo lake ni mgonjwa afahamu. Fahari ya lugha ina mahali pake pengine.

Ndugu zetu, tumekwisha kuona kuwa mlango u wazi. Lakini mlango huu una amana zake, na asiyezichunga huangukia katika yaliyomfika ndugu yetu au mabaya zaidi.

Amana ya kwanza ni kuhakikisha. Picha ichunguzwe, mitambo ipo katika intaneti ambayo ukiipa picha hukuonyesha mahali ilipokwisha kuonekana zamani. Shirika nalo liulizwe: limeandikishwa wapi? Hesabu zake za mwaka ziko wapi? Kwa mfano, Uingereza na Wales kuna daftari ya serikali ya mashirika ya hisani ambayo kila mtu huweza kuisoma bila ya malipo, akaona nambari ya shirika, majina ya wadhamini wake, na hesabu zake. Anayeona haya kuuliza hesabu, akidhani ni kumvunjia mtu heshima, akumbuke kuwa Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara tuyaandike madeni na tushuhudize mashahidi. Ikiwa deni baina ya wawili waaminifu huandikwa, seuze mali ya mayatima?

Amana ya pili yawahusu wakusanyaji. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya akakusanye zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alisema: hii ni yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akamkemea, akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Basi yeyote katika mji wetu anayefungua mchango katika simu kwa ajili ya watu wa mbali, asiuweke katika nambari yake mwenyewe peke yake. Wawe watu watatu wanaojulikana; wasitoe fedha ila wawili waafikiane; wachunge na sheria ya nchi juu ya michango ya watu wote; na zikishafika, wabandike penye ubao wa msikiti kilichoingia, kilichokatwa katika kupeleka, kilichofika, na stakabadhi ya aliyepokea. Mwaminifu hupata raha kwa hesabu, na asiyetaka kuhesabiwa amekwisha kujitaja mwenyewe.

Amana ya tatu ni stara. Mwenyezi Mungu amewasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa namna wanavyojizuia kuomba, na ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Ni maudhi gani makubwa kuliko kumpiga picha mama aliyepoteza kila kitu akipokea mfuko wa unga, kisha uso wake ukatembezwa katika simu za dunia nzima ili mtoaji asifiwe? Picha hiyo haifi. Mwanawe ataiona akiwa mtu mzima. Ikiwa pana haja ya ushahidi kuwa msaada umefika, zipigwe picha za magunia, kisima, darasa, na stakabadhi. Uso wa mtu si stakabadhi.

Amana ya nne ni kuuliza wenyewe. Mwaka 2006 zilitolewa huko Marekani ahadi za dola zaidi ya milioni 16 ili kuchimba visima katika nchi za Afrika vyenye pampu izungushwayo na watoto wakicheza kama pembea. Picha zake zilipendeza, na walioko mbali wakafurahi. Baada ya miaka michache, Msumbiji na kwingineko zikaonekana pampu zilizovunjika zisizo na fundi, na wanawake watu wazima wakizizungusha kwa taabu kwa kuwa watoto hawakuwako, na pampu yao ya zamani ya mkono imekwisha kung'olewa. Mradi huo ukakoma. Kosa lilikuwa nini? Waliopewa hawakuulizwa vya kutosha. Leo hatuna udhuru wa kutouliza. Mwalimu au imamu wa kijiji kile huweza kusemeshwa kwa simu, akatuambia kama wataka kisima kipya au wataka fundi na vipuri vya kile cha zamani. Na bora mradi mmoja tutakaodumu nao miaka mitano kuliko mitano tutakayoisahau kwa mwaka mmoja.

Amana ya tano ni kuijua hukumu ya tunachokitoa. Zaka na sadaka si kitu kimoja. Katika madhehebu ya Imamu Shafi kauli mashuhuri ni kuwa zaka haihamishwi na mji wake ilhali wenye kuistahiki wapo hapo, kwa hoja ya maagizo aliyopewa Muadh (R.A.) alipotumwa Yemen, na wako wanavyuoni wengine waliojuzisha kwa haja iliyo kubwa. Basi mwenye zaka amuulize mwanachuoni wake kabla hajaipeleka mbali. Sadaka ya kujitolea, hiyo haina mpaka. Kadhalika mikopo: yako mashirika, kama Kiva lililoanzishwa mwaka 2005, ambayo mtu huweza kumkopesha fundi au mchuuzi wa nchi nyingine kwa kiasi kidogo cha fedha, naye mkopeshaji hapati riba yoyote. Kwa sura hiyo yafanana na kardhi njema. Lakini fedha hizo aghalabu hupitia katika taasisi ya huko iliko, na taasisi nyingi kati ya hizo humtoza mkopaji riba. Kwa hivyo Muislamu asitazame mkono wake tu kuwa hauchukui riba. Aulize na mkono ulioko katikati.

Mwisho, tusije tukasahau kuwa jirani ana haki yake. Mtu apelekaye fedha Gaza au Sudan kila mwezi, na mjane aliye nyuma ya ukuta wake halali kwa njaa, hajafahamu mafundisho ya dini yake. Lakini wala asimfanye mjane huyo kuwa udhuru. Tumewaona wasemao "tuanze na wa karibu," kisha wa karibu hawapati na wa mbali hawapati. Anayesema hivyo na amtoe wa karibu kwanza, tumwone.

Ndugu yetu aliyeuliza alirudi katika darsa ya wiki iliyofuata, akatwambia kuwa amewaandikia wote arubaini. Wengine walimcheka, na mmoja alimkasirikia hata sasa hasemi naye. Lakini sita kati yao wamemwambia: basi tutafutie njia iliyo ya kweli, nasi tu pamoja nawe. Hao saba sasa wamekaa pamoja, wamechagua watatu wa kushika hesabu, nao wanaandikiana na mwalimu mmoja wa nchi nyingine juu ya darasa lililoezuliwa na upepo. Bado hawajapeleka hata shilingi. Wangali wakiuliza bei ya mabati ya huko na nani atakayeezeka. Nasi twasema huo ndio mwanzo ulio sawa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azisafishe nia zetu, aihifadhi mikono yetu na hiana na ndimi zetu na uwongo, awape faraja waliofikwa na misiba mashariki na magharibi, wala asitujaalie kuwa miongoni mwa walioona kisha wasitende. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.